Mgeni akiuliza "bathroom", umpeleke wapi?

SWALI: Mwalimu, mimi ni mhudumu wa mapokezi katika hoteli ndogo hapa Jinja. Wageni wetu wengi ni Waingereza na Wamarekani wanaokuja kuona chanzo cha Nile na kupanda boti za mpira kwenye maji ya kasi. Juzi Mmarekani aliuliza "bathroom", nikampeleka bafuni na taulo juu, kumbe hakutaka kuoga. Wengine husema "loo", wengine "restroom", na mzee mmoja Mwingereza alisema "lavatory". Meneja anataka tubandike vibao vipya na ananiuliza tuandike nini. Shuleni tulifundishwa "toilet" na "latrine" tu, na mwenzangu mmoja anasema "toilet" ni neno la aibu mbele ya wageni. Maneno haya yanatofautianaje, na mimi niseme lipi?

JIBU: Dada yangu, nianze na la meneja, maana mchoraji wa vibao anasubiri. Andikeni "Toilets", chini yake "Vyoo", na pembeni pawe na mchoro wa mwanamke na wa mwanamume. Mgeni awe ametoka London, Chicago au Goma, ataelewa. "Vyoo" msiliache. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya nchi hii kwa mujibu wa Katiba tangu marekebisho ya 2005, na wageni wenu wa Kenya, Tanzania na Kongo nao ni wageni.

Neno "toilet" si la aibu. Limeandikwa kwenye vituo vya treni na viwanja vya ndege vya Uingereza, na Umoja wa Mataifa mwaka 2013 ulipoitenga tarehe 19 Novemba kuwa Siku ya Choo Duniani, jina la Kiingereza waliloliweka ni "World Toilet Day". Alichosikia mwenzako kina chanzo chake, nami nitakifikia, lakini kisiwazuie kununua rangi.

Sasa ushike jambo moja, na mengine yatakuwa mepesi. Karibu maneno yote ya Kiingereza yanayotumika leo kwa choo yalianza yakimaanisha kitu kingine. "Toilet" limetoka Ufaransa, na mwanzoni lilikuwa kitambaa kidogo. Kitambaa hicho kilitandikwa juu ya meza ya kujipambia, kisha jina likahamia kwenye meza, kisha kwenye shughuli yenyewe ya kujipamba, kisha kwenye chumba cha kuvalia, na mwisho kwenye choo. "Lavatory" lina shina la Kilatini la kuosha. "Latrine" nalo, ingawa kwetu linanuka shimo, limetokana na shina hilohilo la kuosha. "Bathroom" ni chumba cha kuogea, "washroom" cha kunawia, "restroom" cha kupumzikia. Waingereza na Wamarekani, kama sisi, hawapendi kulitaja jambo lenyewe, hivyo hulisitiri kwa jina la jirani yake.

Nasi tunafanya hivyohivyo. Kiswahili kina "choo", neno la wazi, lakini mtu mwenye adabu mezani huomba ruhusa aende msalani, au maliwatoni. Tunakwenda haja ndogo na haja kubwa. Basi la Tanzania likisimama porini, abiria wanashuka "kuchimba dawa". Waganda wanasema kabuyonjo, na ndani ya jina hilo mna usafi.

Shida ni kwamba neno la sitara ni kama nguo inayofuliwa kila siku: hupauka. Likitumika miaka mingi, watu wanasahau maana ya kwanza, linabaki kuwa jina la choo tu, na wanaotaka adabu zaidi wanatafuta jingine. Ndiyo sababu Kiingereza kina maneno mengi hivi, na ndiyo sababu kila nchi imesimama kwenye neno tofauti. Kwa hiyo anapokuja mtu mezani kwako, swali la kujiuliza ni hili: ametoka wapi, na huko neno gani bado ni jipya?

Tuje kwa Mmarekani wako. Katika nyumba ya kawaida ya Marekani, choo, sinki na bafu huwa chumba kimoja. Mtu akisema "bathroom" anataja chumba hicho, na mara nyingi anachotaka humo ni choo. Neno limezoeleka mpaka linatumika hata pale ambapo hakuna bafu kabisa. Mmarekani anaweza kuuliza "bathroom" kwenye kituo cha mafuta, na mtoto wa shule huomba ruhusa kwa neno hilohilo. Huku kwetu mambo ni tofauti. Katika nyumba nyingi za Uganda mahali pa kuogea ni pengine na choo ni pengine, mara nyingi nyuma ya nyumba, na kila kimoja kina mlango wake. Ndiyo maana ulipomsikia ukachukua taulo. Masikio yako hayakukosea. Nyumba zenu ndizo zimejengwa tofauti.

Kwa hiyo Mmarekani akisimama mapokezi akauliza "bathroom" au "restroom", mwelekeze chooni bila kusita. Isipokuwa ametoka mtoni amelowa na mkoba mgongoni: huyo muulize kwa upole, "The toilet, or would you like a shower?" Utaona kwamba neno "shower" ndilo linaloondoa utata. Ukitaka kuzungumzia kuoga, tumia hilo, si "bathroom".

"Restroom" huwatatiza wahudumu wapya, kwa sababu wanasikia "rest" wakadhani mgeni amechoka anataka kitanda. Hapumziki mtu humo. Ni neno la Wamarekani kwa vyoo vya mahali pa watu wengi: mgahawani, dukani, uwanja wa ndege. Nyumbani kwao hawalitumii. Hivyo ukialikwa kwa Mmarekani, usiulize "restroom" sebuleni mwake, sema "bathroom".

Na "toilet" kwa Mmarekani? Analielewa kabisa, lakini kwake ni jina la kile chombo chenyewe, bakuli la kukalia. Ukimwambia "He is in the toilet", kichwani mwake anaona mtu amezama bakulini. Ukimuuliza "Where is the toilet?" hakukasirikii, ila anaona umetaja kitu kwa uwazi kuliko alivyozoea. Basi hapo ndipo ilipo nusu ya maneno ya mwenzako.

Nusu ya pili iko Uingereza, na ni habari ya matabaka. Mwaka 1954 mwanaisimu Mwingereza Alan Ross alichapisha utafiti kuhusu maneno yanayowatambulisha watu wa tabaka la juu. Mjadala uliofuata ulivuma sana, na "toilet" likawa mfano maarufu: watu wa nyumba za kifahari walisema "lavatory" au "loo", na "toilet" likahesabiwa kuwa neno la wale wanaojitahidi kuonekana wastaarabu. Ubaguzi huo wa maneno haujaisha kabisa katika familia chache, lakini Waingereza walio wengi wanasema "toilet" na "loo" kila siku bila kuwaza. Mimi sioni sababu ya mhudumu wa Jinja kubeba mzigo wa matabaka ya Uingereza. Mzee wako aliyesema "lavatory" alilelewa hivyo. Mwelekeze, na umjibu kwa "toilet" au "loo". Hatakudharau.

"Loo" hutamkwa "luu", refu. Ni neno la kirafiki, la nyumbani, na wanawake na wanaume wa rika zote hulitumia. "Can I use your loo?" ni sentensi utakayoisikia mara nyingi. Asili yake haijathibitishwa. Wageni watakusimulia kwamba zamani watu wa Edinburgh walipomwaga maji machafu dirishani walipiga kelele "gardyloo" kumwonya mpita njia, na kwamba ndiko neno lilikotoka. Ukelele huo ulikuwapo kweli, lakini "loo" kwa maana ya choo limejitokeza wazi katika karne ya 20, na pengo la miaka katikati ni kubwa. Sikiliza hadithi, furahi nayo, lakini usiifundishe.

Vivyo hivyo na ile ya Thomas Crapper, ambaye husemwa ndiye aliyebuni choo cha maji. Aliishi kati ya 1836 na 1910, alikuwa mfanyabiashara hodari wa vifaa vya vyoo, lakini choo cha maji kilimtangulia sana. John Harington alieleza chake mwaka 1596, enzi za Malkia Elizabeth wa Kwanza, na Alexander Cumming alipata hataza, yaani haki rasmi ya mvumbuzi, mwaka 1775 kwa bomba lililopinda linalobakiza maji chini ya bakuli ili harufu isirudi. Ukichungulia bomba lililopinda nyuma ya vyoo vyenu, wazo ni lilelile.

Mwingereza mzee anaweza pia kusema "spend a penny", yaani kutumia senti moja. Usimpeleke dukani. Kwenye Maonyesho Makubwa ya London ya mwaka 1851, George Jennings aliweka vyoo vya umma na kila aliyeingia alilipa peni moja. Msemo unahusishwa na malipo ya namna hiyo, yaliyoendelea kwenye vyoo vya umma kwa miaka mingi. Sisi tunaolipia kuingia chooni kwenye vituo vya taksi vya Kampala tunauelewa bila kufafanuliwa.

"WC" ni kifupi cha "water closet", choo cha maji. Katika maongezi ya Kiingereza halisikiki sana siku hizi, lakini liko kwenye ramani za majengo na kwenye milango ya Ulaya, hivyo Mjerumani au Mfaransa atakuuliza hilo. Kwa Mmarekani neno "closet" peke yake ni kabati au chumba kidogo cha nguo. Na "lavatory" utalikuta ukipanda ndege Entebbe, juu ya mlango mwembamba wenye taa. Lakini meneja akiagiza vifaa kutoka Marekani, awe mwangalifu: mafundi bomba wa huko wakiandika "lavatory" humaanisha sinki la kunawia mikono.

Mataifa mengine nitayapita haraka. Mkanada husema "washroom", na ndilo neno lililoingia kwenye maduka makubwa na ofisi za Kampala. Mfilipino anaweza kuuliza "CR", kifupi cha "comfort room". Mwaustralia akitania atasema "dunny". "Ladies" na "gents" ni maneno ya Uingereza, yenye adabu, na mnaweza kuyaandika milangoni mkitaka. "John" na "can" ni maneno ya mtaani ya Marekani, "bog" la mtaani la Uingereza. Yaelewe, usiyaseme kazini.

Ninapotaka ukae nami zaidi ni kwenye Kiingereza chetu wenyewe, maana hapo ndipo tunapokwama bila kujua. Mwanafunzi wa Uganda husema "I am going for a short call", au "long call". Ni tafsiri safi ya haja ndogo na haja kubwa, na kutoka Kampala hadi Nairobi kila mtu anaelewa. Mwingereza au Mmarekani haelewi. Yeye "call" kwake ni simu, na ukimwambia dereva wenu ameenda kwa "short call" atakaa akimsubiri amalize kuongea. Mimi silioni neno hili kuwa kosa. Ni Kiingereza cha Afrika Mashariki na lina adabu yake. Ila kwa mgeni wa mbali sema tu "He has gone to the toilet."

Hatari zaidi ni "help myself". Mswahili wa Tanzania anakwenda kujisaidia, na Mganda naye ana "okweyamba", ambalo ni lilelile. Tukiligeuza kwa Kiingereza tunapata "I want to help myself", na kwa Mwingereza hiyo ina maana ya kujipakulia chakula. "Help yourself" ndiyo wanayomwambia mgeni mbele ya meza ya chakula. Umeona mgongano ulivyo mbaya: mgeni anasimama karibu na vyombo vya moto, mhudumu anasema "Please, help yourself", na yuko sahihi kabisa, halafu mhudumu yuleyule anaomba ruhusa kwa meneja wa kigeni kwa maneno hayohayo. Hili naomba mlifute kabisa kwenye maongezi na wageni. "Ease myself" linaeleweka zaidi, ila linasikika la kizamani na linataja tendo kuliko mahali. "Place of convenience" nalo ni letu; Waingereza wana "public convenience" kwenye vibao vya halmashauri, lakini mdomoni hawalitumii.

Shuleni ulifundishwa "latrine". Kwa mgeni neno hilo linaleta picha ya kambi ya jeshi au choo cha shimo. Kama choo chenu kina maji ya kuvuta na wewe ukasema "latrine", kuna wageni watakaobana mpaka wafike Kampala. Lakini kama kule uani kwenye kambi ya mahema mna choo cha shimo, semeni ukweli: "It's a pit latrine." Choo cha shimo kilichojengwa vizuri na kufagiliwa hakina aibu yoyote, na mgeni aliyeambiwa mapema hufika akiwa tayari. Mwingereza atakiita "long drop", Mmarekani "outhouse". Kama ni cha kuchuchumaa, neno ni "squat toilet", na ni vyema kumtajia mtu mwenye magoti mabovu kabla hajaingia.

Pia mgeni akitembelea shule kijijini atakuta kibao kimeandikwa "VIP latrine" akauliza ni wakubwa gani wanaotumia. Herufi hizo hapo zinasimama kwa "ventilated improved pit": shimo lililoboreshwa lenye bomba la hewa. Aina hii iliendelezwa Zimbabwe miaka ya 1970. Upepo ukipita juu ya bomba huvuta harufu kutoka shimoni, na nzi wanaofuata mwanga wa juu hunaswa na wavu ulioko mdomoni mwa bomba. Ndiyo maana ndani ya choo hicho huachwa pawe na giza kidogo. Atakuta vilevile "five-stance latrine" kwenye kibao cha mradi. "Stance" kwa maana ya nafasi ya mtu mmoja chooni ni neno la zabuni za Uganda. Mwingereza anaita nafasi hiyo "cubicle" na Mmarekani "stall".

Wale wageni wenu wakitoka Jinja kwenda Bwindi kuona sokwe, wataambiwa jambo ambalo ni vizuri walisikie kwako kwanza. Msituni hakuna choo. Mtu akibanwa anamwambia mwongozaji, linachimbwa shimo la sentimita 30 na kufukiwa baadaye, kwa sababu magonjwa yetu yanawaua sokwe. Sentensi ya kuwaambia ni nyepesi: "If you need to go, tell the guide." Kitenzi "go" kikikaa peke yake namna hiyo, Waingereza na Wamarekani wote wanaelewa ni kwenda wapi.

Hospitali ina lugha yake. Mgeni akiumwa tumbo ukampeleka kliniki, atasikia "stool", ambayo si kigoda bali ni choo kile kinachopimwa maabara. Daktari atauliza "Have you opened your bowels?" yaani umepata choo? Kiswahili kinatumia "choo" kwa mahali na kwa kinachopimwa. Kiingereza hakikubali hivyo, na mtu akimwambia daktari "My toilet is yellow" amezungumzia rangi ya bakuli.

Sarufi kidogo. Usiache "the": ni "go to the toilet". Kuomba, kitenzi ni "use": "May I use the toilet?" Na "toiletries" zinazowekwa vyumbani si vitu vya chooni, ni sabuni, shampuu na dawa ya meno, kumbukumbu ya ile maana ya kale ya kujipamba.

Kwa hiyo ukisimama pale mapokezi, sikia yote, na mdomoni uwe na "toilet". Mmarekani ukitaka kumfurahisha mrudishie neno lake mwenyewe: akisema "restroom", jibu "The restroom is past the dining room, on your left." Ni adabu ileile ya kumwitikia mtu kwa salamu aliyokuamkia. Usimsahihishe mtu, na usipunguze sauti kama mnaongea siri. Neno usilolijua likija, muulize tu "Do you mean the toilet?" naye atashukuru.

Kibao kimoja kimebaki, kile cha ndani ya mlango, ambacho hoteli nyingi hukikosea kwa kuandika "Don't throw things in the bathroom", kana kwamba sakafu ndiyo inayoziba. Hapo ndipo "toilet" linamaanisha bakuli kwa Mwingereza na kwa Mmarekani sawasawa. Andikeni: "Please do not put pads, wipes or nappies in the toilet. Use the bin." Wamarekani huita nepi "diapers", mkipata nafasi liongezeni. Na pipa liwe na kifuniko.